Commodore 64 na Amiga 500 kwenye TV ya flati: konveta ya bei poa, OSSC au RGB2HDMI?

KasetiMbovu
Wakuu salaam. Nina Commodore 64 (C64) ya PAL, mfumo wa TV wa Hz 50, na Amiga 500 (A500), kompyuta za nyumbani za miaka ya 80, zote zinawaka. TV ya chogo ndiyo imekufa, iliyobaki ni flati yenye HDMI na tundu moja dogo la AV la milimita 3.5. C64 kwa waya wa njano inaonyesha, ila herufi zina ukungu na rangi zinavuja pembeni. Amiga kwa njano inatoa picha isiyo na rangi kabisa. Nichukue konveta ya AV kwenda HDMI, OSSC (kisanduku kinachogeuza picha za mashine za zamani kuwa HDMI), au hiyo RGB2HDMI inayosifiwa, kibao cha kupachika ndani ya mashine?

Fundi_Lehemu
Amiga yako haina ubovu, mkuu. Tundu la njano la A500 liliundwa hivyo, rangi ziko kwenye tundu la RGB (nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa njia yake) la pini 23. Plagi yake ni adimu, watu wanakata ya pini 25.

Konveta ya bei poa achana nayo. Mashine hizi huchora picha nzima mara 50 kwa sekunde, mstari mmoja kila takriban maikrosekunde 64, yaani kHz 15.6. Konveta inadhani imeletewa 576i, nusu-picha mbili za kupishanisha, basi inachanganya picha mbili zisizohusiana. Kila kinachosogea kinaota meno kama kitana, kinachomweka kinaweza kupotea kabisa, na ukibonyeza kuruka, mtu wako anaruka akishachelewa. OSSC haifanyi hivyo: inapokea mstari, inaurudia mara mbili, inautoa. Ucheleweshaji wake huwezi kuuhisi.

Bi_Joystick
Fundi, kwa gemu nakubali. Kwa mtu anayechapa programu za BASIC tu, ya bei poa inatosha, tusimkamue hela bure.

Ila kuna jambo hamjalisema: OSSC haipokei waya wa njano wala S-Video, na C64 haina RGB. Chipu yake ya VIC-II inatengeneza mwangaza na rangi moja kwa moja. Waya wa SCART (plagi pana ya TV za Ulaya) wa C64 unaouzwa mtandaoni una umbo la SCART tu, ndani yake hakuna RGB. Ukiuchomeka kwenye OSSC utaambulia kioo cheusi au picha isiyo na rangi.

Kwa C64 tafuta waya wa S-Video. Tundu la pini 8 linatoa mwangaza na rangi kwenye njia mbili tofauti, na ukungu wa herufi unaondoka. Rangi ikitoka kali mno, weka resista ya ohm 300 kwenye njia ya rangi. Kisha RetroTINK 2X: inapokea S-Video, inatoa HDMI. Zile C64 za mwanzo zenye pini 5 hazina njia ya rangi peke yake.

MswahiliLeicester
Kabla hujalipia OSSC, hakikisha TV yako inapokea 576p (mistari 576, picha nzima) ya Hz 50. OSSC inapitisha mwendo wa mashine ulivyo, na C64 ya PAL inaenda Hz 50.12. TV nyingine zinakubali, nyingine zinazima na kuwaka. Huku Uingereza waya wa SCART wa Amiga haukusumbui kuupata. Huko sijui utaagiza kwa bei gani.

Fundi_Lehemu
Ndiyo maana kwa A500 mimi naipa kura RGB2HDMI. Unafungua, unaitoa chipu ya picha iitwayo Denise kwenye soketi (usiivute upande mmoja, pini zitapinda), unaweka kibao, Denise inakaa juu yake, na Raspberry Pi Zero (kompyuta ndogo ya kibao kimoja) inasoma rangi zikiwa bado namba, kabla hazijawa mawimbi. Rangi 4096 zinafika safi, hata SCART huihitaji. GBS-8200, kibao kingine cha kugeuza picha, ikiwa na programu ya GBS-Control ni nafuu zaidi, lakini inataka lehemu, na inatoa VGA.

KasetiMbovu
Basi Amiga RGB2HDMI. C64 nitaanza na S-Video. Na hili tundu la AV la TV? Nikichomeka waya wangu, wa njano unatoa mngurumo badala ya picha.

Bi_Joystick
Mpangilio wa pete kwenye plagi za milimita 3.5 haufanani kila kampuni. Badilisha njano na nyekundu, jaribu tena. C64 yako ina pini ngapi?

KasetiMbovu
Nane.

Fundi_Lehemu
Adapta ya umeme je, ni ile nyeusi nzito ya asili? Pima volti 5 kwa mita kabla hujaiwasha tena. Zile zikizeeka zinapandisha volti na kuunguza chipu za RAM, na hapo hakuna konveta itakayokuletea picha.