Mjadala: Ndugu wa mtoto mwenye saratani ya jicho wapimwe jeni kwa lazima?

Mpandakarafuu, Wete (mwanzisha mada)
Assalaam alaykum. Mtoto wa jirani zetu, miaka miwili, kaondolewa jicho kwa saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mboni ilikuwa ikimeta nyeupe kila akipigwa picha ya flashi. Wazee wakasema mtoto wa jicho huyo, ngojeni akue. Sasa mama ana mimba, na daktari kashauri mgonjwa apimwe jeni, likionekana tatizo wapimwe na ndugu zake. Mama kakubali. Upande wa mume wamekataa katakata: ikishaandikwa kuwa imo kwenye damu, mabinti zao nani atawaposa?

Mimi nasema iwe lazima. Mnaonaje?

Mla Urojo
Ndiyo tabu ya kuoana mabinamu hiyo.

Mwana wa Ng'ambo
Lazima? Na majibu atayaweka nani? Mji huu ukitia hiliki kwenye chai, jirani kashajua punje ngapi. Damu ya watoto itiwe kwenye boksi isafirishwe, tusiulizwe tena, halafu binti akikua posa irudi. Wewe unayesema lazima, mwanao utamwozesha huko?

Nesi mstaafu, Chake
Mla Urojo, mabinamu hawamo hapa. Kuoana damu moja kunaongeza magonjwa yanayotaka jeni mbovu kwa baba na kwa mama, kama selimundu na ualbino. Hii inatosha itoke upande mmoja. Na wengi wanaozaliwa nayo, wazazi wao hawana; imeanza kwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo hao wakwe huenda wanaogopa doa ambalo ukoo wao haunalo.

Kila seli ina nakala mbili za jeni ya RB1, kwenye kromosomu ya 13, kazi yake kuizuia seli isijigawe ovyo. Moja ikiharibika, ya pili inashika. Zikiharibika zote mbili kwenye retina, uvimbe unaanza. Mtafiti Alfred Knudson aliligundua hilo mwaka 1971 kwa kuwachambua wagonjwa tu kwa hesabu, kabla jeni yenyewe haijapatikana. Aliyezaliwa na nakala moja mbovu mwili mzima anaweza kuugua macho yote mawili, baadaye hata saratani ya mifupa, na kila mtoto atakayemzaa ana nusu kwa nusu ya kurithi.

Ila aliyeumwa jicho moja, mara nyingi kasoro imo ndani ya jicho lile tu. Mwaka 2013 daktari wa macho Brenda Gallie wa Toronto na wenzake walionyesha hata uvimbe wa jicho moja ambao RB1 yake ni nzima. Chanzo ni jeni nyingine, MYCN. Hapo hakuna cha kurithi.

Ndiyo maana nakitaka kipimo: kinawafungua watoto wengi kuliko kinaowafunga. Bila kipimo, mdogo wa mgonjwa huchunguzwa macho kila baada ya wiki au miezi michache, kwa nusukaputi, miaka. Mnaijua nauli ya boti kutoka Pemba mpaka Dar, mama na mtoto, na pa kulala? Akionekana hakurithi, safari zimekwisha.

Lazima ndiyo siitaki. Ukimlazimisha baba, kesho atamficha na mgonjwa mwenyewe.

Baharia
Mnagombania jeni na tochi hatuna. Kwenye chanjo mtoto anapimwa uzito, kadi inaandikwa, nani anamulika macho? Huyo angemulikwa siku ya surua, miezi tisa, labda jicho lingekuwapo.

Mpandakarafuu
Baharia, tochi ni kweli, lakini inamsaidia mtoto wa kwanza. Wa pili tunajua kabla hajazaliwa kwamba yumo hatarini, tungoje aanze kumeta?

Nesi, mtu mzima akikataa kupimwa damu yake mimi sina neno naye. Mtoto ni mambo mengine. Apimwe jeni, au apelekwe akachunguzwe macho kwa ratiba, baba achague. Kukataa yote mawili hana ruhusa, na hapo ningemwita hata sheha. Mwana wa Ng'ambo, majibu wapewe wazazi mkononi, wakwe hawahusiki. Mimba ina miezi saba, na mchanga yule anatakiwa aonwe macho wiki za mwanzo tu baada ya kuzaliwa.

Mwana wa Ng'ambo
Sawa, baba kachagua macho kwa ratiba. Nauli ya kila safari analipa nani, sheha?