MJADALA: Tutoe damu kwa utafiti wa jeni za tansio Lubumbashi kama hawapimi madini ya risasi?

Yaya wa Katuba (mleta mada)

Wandugu, naomba tulijadili hili kwa uwazi kabla fomu hazijarudi mtaani.

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, wamepita watu wa mradi wa utafiti wa tansio, yaani shinikizo la juu la damu. Wanaomba mtu mzima atoe kichupa cha damu, apimwe tansio, aulizwe habari za ukoo wake, kisha damu ikachambuliwe jeni ili kujua kwa nini tansio inatushika mapema na kwa nini mishipa inakakamaa. Walieleza vizuri, kwa Kiswahili, na vijana waliokuja nao ni watoto wa hapa hapa. Mama mmoja aliyekaa nyuma, mikono bado ina unga wa muhogo, akauliza kama wataangalia pia madini yaliyomo katika damu hiyo. Wakajibu hapana, mradi ni wa jeni tu.

Msimamo wangu ni huu: utafiti ufanyike, lakini damu ile ile ipimwe risasi na kadimiamu, madini yenye sumu. Bila hivyo, kosa la moshi wa kiwanda cha shaba litaandikwa kwenye damu ya babu zetu.

Niseme kwa nini. Upande wa ndani wa mshipa wa damu kuna utando mwembamba sana, wa safu moja tu ya chembe. Utando huo ndio unaotoa gesi ya oksidi ya nitriki, na gesi hiyo ndiyo inayoifanya misuli ya mshipa ilegee. Robert Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba mshipa uliokwanguliwa utando wake haulegei hata ukipewa kemikali ya kuulegeza. Yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi ya gesi hiyo. Utando huo huo hutoa pia endothelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1988, ambayo kazi yake ni kukaza. Sasa risasi ikiingia mwilini, huchochea aina kali za oksijeni zinazoila ile oksidi ya nitriki kabla haijafika kwenye misuli. Mshipa unabaki umekaza, tansio inapanda, na hakuna jeni hata moja iliyobadilika. Mwaka 2023 American Heart Association ya Marekani ilitoa tamko kwamba risasi, kadimiamu na aseniki huongeza hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa.

Na sisi tunaishi wapi? Shaba imeanza kuyeyushwa mjini hapa mwaka 1911. Upepo wa kusini-mashariki umeusukuma moshi wa ile shemine kubwa (bomba la moshi la kiwanda) upande mmoja, kizazi baada ya kizazi. Nendeni mtaa wa Penga Penga mjionee: udongo uko uchi, na wataalamu wa kilimo wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wamehangaika kuotesha majani mafupi ya Microchloa kwa sababu ni kati ya machache yanayoivumilia shaba ile. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti iliyokutwa kwenye mkojo wao ilikuwa juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Mwaka 2018 ukaja utafiti wa hapa hapa Lubumbashi juu ya preeklampsia, ile tansio ya mimba inayotuulia wamama. Wamama waliougua walikuwa na risasi nyingi zaidi katika damu kuliko wenzao wenye mimba salama.

Kwa hiyo mtu asiniambie madini ni mada nyingine. Ni mada ile ile, mshipa ule ule. Wadau, mnasemaje?

Mama Furaha, komini ya Kenya, Lubumbashi

Mwanangu Yaya, mimi ni mgonjwa mwenyewe. Tansio yangu ikipanda inafika 18 juu ya 11 (yaani 180 juu ya 110). Dawa nanunua plakete (kibapa cha vidonge) moja moja, mwezi mwingine nusu plakete, kwa kuwa ada za watoto zinatangulia. Swali langu si jeni wala risasi. Wakinipima pale chini ya mti wakakuta 18, wataniacha nirudi nyumbani na karatasi? Wakijibu swali hilo vizuri, hata vichupa viwili nitatoa.

Dokta wa Kampemba

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo la kwanza kwa mtafiti yeyote mwenye utu. Anayekutwa na tansio ya namna hiyo lazima aanzishiwe dawa na awe na mahali pa kuifuata, na jambo hilo liandikwe kwenye fomu.

Yaya, kuhusu risasi tuko pamoja. Ninapokukatalia ni pale jeni inapoonekana kama mambo yasiyotuhusu. Chukua figo. Kwa miaka mingi mtu mweusi aliyefika lopitali figo zimekwisha aliambiwa tansio ndiyo iliyoziharibu. Mwaka 2010 ugunduzi wa jeni ya APOL1 ulionyesha kwamba kwa wengi ugonjwa ulianzia kwenye figo zenyewe, tansio ikafuata. Aina mbili za jeni hiyo, G1 na G2, zilienea Afrika kwa sababu zinasaidia mwili kupambana na vimelea vya malale. Mwenye nakala moja anafaidika, aliyerithi mbili figo zake ziko hatarini. Kongo ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi wa malale duniani, kwa hiyo hapo jeni ni habari yetu kabisa. Tayari kuna dawa inayolenga APOL1, inaxaplin. Matokeo ya 2023 yalionyesha inapunguza sana protini inayovuja kwenye mkojo. Mgonjwa wangu asiyejulikana jeni zake, nani atamkumbuka dawa hiyo ikikamilika?

Na si lazima faida iwe ya gharama. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa Liddle: njia ya chumvi kwenye figo haifungi, chumvi inarudishwa mwilini, tansio inapanda hata kwa kijana. Jeni yake ilijulikana mwaka 1994, na dawa yake ni amiloride, kidonge cha zamani. Afrika Kusini wamekuta badiliko la jeni ya njia hiyo hiyo kwa baadhi ya wagonjwa wa tansio. Mwaka 2017 madaktari wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini walichapisha jaribio la kupima kwanza renini na aldosteroni, vitu vya mwilini vinavyosimamia chumvi na tansio, halafu ndipo wachague dawa. Tansio ilidhibitiwa vizuri zaidi kuliko kwa kufuata desturi, hasa Nigeria.

Linganisha na utafiti mkubwa wa 2018: watu zaidi ya milioni moja, sehemu 901 za jeni zinazohusiana na tansio, na watu wenyewe ni wa asili ya Ulaya. Tukikataa kila kichupa, ramani hiyo itabaki bila sisi.

Mzee wa Ruashi

Wanangu, mnazunguka sana. Makayabu ile (samaki wa chumvi) mnayoila na bukari (ugali) bila kuilowesha, chumvi inaonekana kwa macho. Punguzeni chumvi na lutuku (pombe kali ya kienyeji), tansio itashuka. Hata bibi yenu alijua.

Yaya wa Katuba

Mzee, shikamoo, chumvi ni kweli kabisa na hakuna anayepinga. Ila majirani wawili wanakula sahani moja ya makayabu, mmoja figo zake zinaitoa chumvi, mwingine zinaishikilia. Hiyo tofauti ndiyo tunayoitafuta, na inaweza kutoka kwenye jeni au kwenye madini aliyoyavuta tangu utotoni.

Mushi wa Kadutu, Bukavu

Ruhusuni mgeni aseme. Hata huku Kivu Kusini tumepimwa: utafiti wa Vitaraa wa tansio kwa watu wazima ulichapishwa mwaka 2011, na hakuna aliyeogopa. Wasiwasi wangu uko kwa mwenye kichupa. Damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 ndiyo iliyotoa kingamwili ya mAb114. Ikajaribiwa kwa wagonjwa wa Kivu Kaskazini 2018 na 2019, ikaokoa watu, Mungu ashukuriwe. Lakini leseni ya kuitengeneza ilikwenda kwa kampuni ya Marekani, na idhini ilitolewa huko Desemba 2020.

Tena, kwenye mishipa hii hii mnayoijadili: huko Dallas, Marekani, mwaka 2005, watafiti walikuta Wamarekani weusi waliozaliwa na jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi, na kolesteroli yao ilikuwa chini mno. Kutoka hapo zikatengenezwa sindano ambazo zilipoingia sokoni 2015 bei yake ilikuwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka. Mama Furaha anayenunua nusu plakete atakutana nazo wapi?

Msitegemee Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za jeni, kuwatetea. Inahusu jeni za mimea, wanyama na vijidudu. Damu ya binadamu haimo. Ulinzi wenu ni yale mtakayoandika kwenye mkataba.

Dokta wa Kampemba

Ndugu wa Bukavu, umesema la maana. Profesa Muyembe mwenyewe, mtafiti wetu mkuu wa Ebola, alitangaza mwaka 2019 kwamba sampuli za Ebola zitabaki Kongo, anayetaka kuzisoma aje huku. Msimamo huo unafaa kwa tansio pia.

Ila faida nyingine haina hakimiliki. Jaribio la CREOLE la 2019, wagonjwa weusi wa nchi sita za Afrika, lilionyesha kwamba amlodipine, kidonge cha tansio, ikichanganywa na dawa nyingine inashusha tansio vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Ni dawa ya bei nafuu. Kongo haikuwamo kati ya nchi hizo sita.

Mwanafunzi, UNILU

Wakubwa zangu, naongeza moja la maabara. Jeni na risasi havitenganishwi hata tukitaka. Kuna jeni inayoitwa ALAD. Kimeng'enya chake ndicho kinachoishika risasi ndani ya chembe nyekundu, na watu wanatofautiana. Mradi wa jeni mjini hapa ukipima vyote viwili, utaweza kuuliza swali ambalo utafiti wa milioni moja ya Wazungu hauwezi: je, risasi kiasi kile kile inawapandisha tansio watu wa jeni tofauti kwa namna tofauti? Hilo ni la kwetu, na wenzetu wa ng'ambo wangelitafuta hapa.

Yaya wa Katuba

Kijana, umenifungulia njia ya kuwaambia wasilichukulie ombi letu kama ukorofi. Linaukuza utafiti wao.

Kwenye mkutano ujao nitaomba haya yaandikwe: anayekutwa na tansio atibiwe, kama Mama Furaha alivyosema, damu ibaki nchini, na ikitoka itoke kwa mkataba wenye muda, matokeo yarudi mtaani kwa Kiswahili. Na risasi ipimwe. Hilo la mwisho wakilikataa, sitoi damu, na nitaeleza sababu mbele ya wote.

Dokta wa Kampemba

Mimi nitatoa hata wakikataa. Damu nzima ikigandishwa, risasi iliyomo haipotei. Inaweza kupimwa hata baada ya miaka, fedha ikipatikana. Sharti ni mawili: vichupa viwe vile visivyo na mabaki ya madini tangu siku ya kwanza, na sehemu ya damu iwekwe kando kabla hawajaitoa DNA, maana wakishaitoa wataimwaga iliyobaki. Ukikataa leo, Yaya, hata hiyo ya baadaye hatutakuwa nayo.

Yaya wa Katuba

Dokta, vichupa na sehemu ya kuwekwa kando naviandika juu kabisa ya orodha. Lakini iandikwe pia nani ataruhusu damu hiyo ifunguliwe, na kwamba mtaa una kiti katika kamati hiyo. Kama wanakubali kuihifadhi kwa ajili ya risasi na wanatia sahihi juu ya hilo, nami nitatoa.