Mnamcheka Luka kitambi, mbona hamumuulizi aliyemwacha uwanjani dakika 24 bila kupumzika?

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi zenu za kucheka tumbo la mtu. Huu ni wa malalamiko, na nina hasira.

Kila Luka Dončić, nyota wa kikapu wa Los Angeles Lakers kwenye NBA, ligi ya Marekani, akikosa mitupo miwili kota ya nne, watu wanaibuka na picha ileile ya zamani jezi imembana, halafu nyimbo zinaanza. Hana pumzi. Mzito. Angekuwa fiti tungekuwa mbali. Haya, tuongelee hiyo pumzi, maana ndiyo mnayojifanya mnaijua.

Tarehe 27 Aprili 2025, Lakers wako Minnesota kwa Timberwolves, mechi ya nne ya raundi ya kwanza ya mtoano. Kumbukeni Ijumaa, siku mbili tu nyuma, Luka alicheza mechi ya tatu huku tumbo limemchafuka na anatapika, akaambulia pointi 17. Jumapili anarudi uwanjani. Nusu ya pili inaanza, kocha JJ Redick anaingiza watu watano: Luka, LeBron James, Austin Reaves, Rui Hachimura na Dorian Finney-Smith. Kota ya tatu ikaisha na haohao. Kota ya nne ikaanza na haohao. Ikaisha na haohao! Dakika 24, hakuna aliyetoka hata kufuta jasho zaidi ya pale kwenye taimauti. LeBron ana miaka 40, jamani. Arobaini!

Lakers walianza kota ya nne wakiongoza kwa pointi 10. Wakaifunga kota ile kwa pointi 19 dhidi ya 32 za Timberwolves, mechi ikaisha 116 kwa 113. Luka alikuwa na pointi 38. Asubuhi yake mnamposti yeye na tumbo lake.

Tafuteni marudio ya kota ile, na msiangalie mpira, angalieni miguu. Mtupo wa mbali nguvu yake inatoka kwenye magoti, mikono inamalizia tu. Miguu ikifa, mpira unapungua, unagonga mdomo wa mbele wa ringi. Mtu anatupa vilevile kama kota ya kwanza, kiwiko kipo pale pale, lakini haruki. Halafu angalia anavyorudi kukaba: anarudi kwa kutembea hatua tatu za kwanza, mkono umeshika bukta. Ndiyo sababu mtu anapitwa kizembe na kijana aliyetoka kupumzika dakika mbili benchi. (Hata zile kelele zake kwa waamuzi, ambazo na mimi zinanikera sana, nusu yake naamini ni namna ya kuiba pumzi. Akilalamika anapata sekunde nne za kusimama. Ndiyo mapumziko anayopewa.)

Kilichonipandisha presha ni kilichofuata. Kabla ya mechi ya tano, mwandishi alimgusia Redick kama angewategemea zaidi wasaidizi wake kwenye mambo ya kubadilisha wachezaji. Akachukia, akaondoka kwenye mkutano. Mechi yenyewe wakapigwa 103 kwa 96, Rudy Gobert peke yake akachuma pointi 27 na ribaundi 24, safari ikaishia hapo kwa 4-1. Na baada ya kutolewa kocha huyohuyo akasema kikosi bado kina safari ndefu kufikia miili ya kuchukua ubingwa. Miili! Wewe uliyewakamua watu watano dakika 24 mfululizo, ukawanyima hata dakika moja ya kukaa, ndiye unayetuambia habari za miili?

Sisemi mchezaji asiwajibike. Luka hakuwa fiti kama nyota wa kiwango chake anavyotakiwa kuwa, na kigimbi kilichomtoa siku ya Krismasi 2024 dhidi ya Minnesota hakikuwa tatizo lake la kwanza la kigimbi. Hilo nalikubali mchana kweupe. Lakini pumzi ina pande mbili: unayokuja nayo, na unayotumiwa. Nyie mnapiga kelele upande mmoja tu.

Fikirini anachofanya huyu jamaa uwanjani. Anapandisha mpira mwenyewe huku anabanwa tangu nusu uwanja. Kila shambulizi anapita kwenye miili ya watu wawili. Anaamua yeye nani apewe, lini, wapi. Asipotupa yeye, ametoa asisti yeye. Halafu akirudi nyuma, timu pinzani inamtafuta yeye makusudi, inamlazimisha akabe, kwa sababu wanajua hata wasipofunga wanamchosha. Msimu wa 2023/24 Dallas, klabu yake ya wakati huo, walimchezesha wastani wa dakika 37.5 kwa mechi, akaongoza ligi nzima kwa pointi 33.9. Kwenye mtoano wakampandisha hadi zaidi ya 40, mechi 22, goti bovu, na kwenye fainali na Boston kifua kinachomwa sindano ya maumivu ili aingie. Mechi ya tatu ya fainali, timu imetoka nyuma kwa pointi 21 imefika tatu, yeye anatolewa kwa faulo sita zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 12. Watu wakasema mvivu wa kukaba. Sawa, faulo zile baadhi zilikuwa za kijinga. Lakini mtu aliyechoka hukaba kwa mikono badala ya miguu, hilo kocha yeyote wa shule ya msingi anakwambia.

Na Dallas je? Mkataba mnono ambao angeweza kuusaini akibaki ulikuwa unakaribia, takriban dola milioni 345 kwa miaka mitano. Ghafla Februari 2025 usiku wa manane tunaamka tunakuta ameuzwa Lakers, Dallas wakapewa Anthony Davis, Max Christie na haki moja ya kuchagua chipukizi raundi ya kwanza 2029. Meneja mkuu Nico Harrison akajitetea kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa, na pembeni habari zikavuja kuwa klabu imechoshwa na mwili wa Luka. Haya, wakamleta Davis aliye "fiti". Mechi yake ya kwanza kabisa, dhidi ya Houston, kota ya tatu akaumia, akakaa nje zaidi ya wiki sita. Mzigo wote wa kupandisha mpira ukamwangukia Kyrie Irving, mwenye miaka 32, na tarehe 3 Machi kano ya goti ikachanika dhidi ya Sacramento. Alirusha mitupo yake ya faulo huku machozi yanamtoka, akaingiza yote miwili, akatolewa. Novemba 2025 Harrison akafukuzwa kazi. Luka kiangazi hicho alikuwa ameshapungua: amepunguza sukari, anafunga kula kwa saa nyingi, muda fulani hakugusa mpira kabisa, anajenga mwili tu. Akaenda EuroBasket, kombe la mataifa ya Ulaya, akaipiga Italia pointi 42. Sasa tumbo limeondoka, mtaimba nini akichoka tena?

Maana atachoka. Tumbo halikuwa ndiyo hesabu yote.

Kama kuna mtu hakuwahi kushutumiwa uvivu wa mazoezi duniani hapa ni Kobe Bryant. Aprili 2013 Lakers wanagombania nafasi ya mwisho ya mtoano, Kobe ana miaka 34. Tarehe 10 kule Portland kocha Mike D'Antoni akamwacha dakika zote 48. Zote! Akafunga 47, tukashangilia, mimi nikiwemo. Siku mbili baadaye, dhidi ya Golden State, kano ya kisigino ikakatika. Akaenda kwenye mstari kwa mguu mmoja, akaingiza mitupo miwili, akatembea mwenyewe kwenda vyumbani. Tukaita ushujaa. Hakuwahi kurudi Kobe yule. Hapo mtamlaumu kwa kitambi gani?

Derrick Rose, Aprili 2012, Chicago wanaongoza kwa pointi 12, imebaki dakika moja na ushee, bado yuko uwanjani, goti likaenda. Klabu hiyohiyo, kocha huyohuyo, ndugu yetu Luol Deng aliongoza ligi nzima kwa wastani wa dakika misimu miwili mfululizo. Kocha mwenyewe, Tom Thibodeau, alikuwa anawachezesha kama hakuna kesho.

Halafu mnaniambia haiwezekani kushinda bila kumwacha nyota hadi alale chini. San Antonio Spurs 2013/14. Hakuna mchezaji hata mmoja kwenye kikosi kile aliyefika wastani wa dakika 30 msimu wa kawaida. Hata mmoja. Tim Duncan alikuwa mzee, Manu Ginóbili mzee, na fainali wakamfumua LeBron na Miami yake 4-1. Klabu iliwahi hata kupigwa faini ya dola 250,000 mwaka 2012 kwa sababu kocha Gregg Popovich aliwarudisha nyota wake nyumbani wakapumzike kabla ya mechi ya televisheni. Wakalipa, kocha akaendelea kupumzisha watu.

NBA wenyewe hawana msaada. Tangu 2023 usipocheza mechi 65 usahau MVP (tuzo ya mchezaji bora) na vikosi bora vya msimu, na mechi ili ihesabike lazima ufike dakika 20, ukiachia ruhusa ya mechi mbili tu. Kwa hiyo mchezaji mwenye kigimbi kinachovuta analazimika kuchagua kati ya mwili wake na mamilioni. Nyie mnadhani atachagua nini?

NIMERUDI. Nimesoma majibu, mengine ni matusi, nayaacha. Kuna mdau anasema anayelipwa mamilioni ya dola hana haki ya kuchoka. Mkuu, hela haiingii kwenye mapafu. Tyrese Haliburton alilipwa vizuri tu, kigimbi kikavutika mechi ya tano ya fainali 2025, akalazimisha, mechi ya saba kano ya kisigino ikakatika kabla hata nusu ya kwanza haijaisha. Kevin Durant 2019 vilevile: kigimbi kwanza, akarudishwa fainali, akadumu dakika 12.

Mwingine anasema Redick hakuwa na benchi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Jarred Vanderbilt alikuwepo, mzima, na kazi yake ni kukaba na kuchukua ribaundi. Gabe Vincent alikuwepo, amecheza fainali na Miami 2023. Wote waliingia nusu ya kwanza ya mechi ileile. Sijaomba wafunge pointi 20. Naomba dakika tatu, mwanzo wa kota ya nne, tunaongoza kwa 10, Luka na LeBron wanapokezana kukaa. Hata tungepoteza pointi tano kati ya hizo kumi, tungebaki na watu wenye miguu ya kumalizia.

Basi anayemtetea kocha aje hapa aniambie Vanderbilt alikosa nini hata akanyimwa dakika hizo tatu. Na asije na picha ya tumbo.