Meli zilizozama pwani yetu: wageni waje kuzitafuta?

Mkaa Kibokoni: Wadau, mimi nasema waje. Manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama 1697 chini ya Fort Jesus, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wa kigeni pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walifukua maelfu ya vitu, na vingine viko ngomeni hadi leo. Mbao za meli zilipimwa, zikachorwa, kisha zikafukiwa tena mchangani. Ubao uliolala maji ya chumvi karibu miaka 300 ukiutoa ukaukie juani, unasinyaa na kupasuka. Kuutibu ni kazi ya miaka, na pesa zake hatukuwa nazo. Kuzamia ndiyo sehemu rahisi.

Pwani Huru: Mgeni haji bure, kaka. Mwaka 2010 Wachina walianza mradi na makumbusho hayo hayo, wakatafuta Lamu hadi Malindi. Hamu yao ilikuwa meli ya Zheng He, yule amiri wa misafara ya Kichina wa karne ya 15, maana wazee wa Pate husimulia mabaharia wa Kichina waliookoka wakaoa huko. Meli yenyewe haikuonekana. Majahazi ya Wabajuni yaliyozama bahari hiyo hiyo, nani amekuja kuyatafuta? Anayelipa mafuta ya boti ndiye anayechagua pa kuzamia.

Binti Bagamoyo: Kuna wenzetu wamejikuta pabaya zaidi. Meli San José, iliyosheheni dhahabu na fedha, ilizama Kolombia 1708, ikatangazwa kupatikana 2015. Hispania inasema ni manowari yake, kampuni ya Marekani inadai fungu, na Waqhara Qhara, wenyeji wa asili wa Bolivia, wanasema madini yale ya fedha yalichimbwa kwa jasho la babu zao. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unakataza kuuza mabaki kama hayo, lakini haumbani asiyejiunga. Bora maandishi kabla ya mbizi.

Mkaa Kibokoni: Pwani Huru, hapo pa majahazi umenishika. Basi iandikwe: nusu ya siku za utafiti ziende tunakotaka sisi, vijana wetu wazamie nao, na kila kitu kitibiwe Mombasa, mgeni akigharimia hadi kazi iishe.

Pwani Huru: Nusu ya siku, nani atazihesabu? Boti yao, mashine zao, ramani ya chini ya bahari wanaondoka nayo wao. Hiyo ramani mbona hujaitaja?