Hamadi, weka hilo kopo chini kwanza

Mama Zuhura: Habari za asubuhi wote. Mama shikamoo. Jamani gari limeanza tena. AC inapoa nikiwa barabarani, nikikaa kwenye foleni inatoa hewa ya moto. Halafu feni ya ndani namba 1 mpaka 3 haitoi kitu, nikiweka 4 ndo inavuma.

Bibi: Marahaba mwanangu. Fungua vioo.

Zuhura: 😂😂😂

Hamadi: Mama usihangaike, gesi imeisha hiyo. Nimeshanunua kopo, lina mpira wake na geji kabisa. Najaza sasa hivi.

Mjomba Seif: Hamadi, weka hilo kopo chini kwanza.

Hamadi: Shikamoo mjomba 😅

Mjomba Seif: Marahaba. Umeshaliunga?

Hamadi: Bado, nimefungua boneti tu.

Mjomba Seif: Afadhali. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ni ileile inazunguka. Kompresa inaikandamiza, kondensa pale mbele inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, inapita kwenye tundu jembamba, ikifika ndani ya dashibodi inageuka gesi tena na hapo ndo inanyonya joto la ndani ya gari. Ikipungua maana yake imevuja. Ukijaza bila kuziba panapovuja, unalisha uvujaji tu.

Mama Zuhura: Mbona fundi wangu kila mwaka ananiambia imeisha, ananijazia?

Mjomba Seif: Dada, fundi huyo anakupenda sana.

Zuhura: Mjomba 🤣

Mjomba Seif: Kupungua kidogo baada ya miaka mingi ni kawaida, mipira inachoka. Kila mwaka hapana. Kuna mahali panatoka, na mara nyingi panajionyesha, maana gesi inatembea na oili. Kiungo kinachovuja kinakuwa na uchafu mweusi wenye mafuta wakati vingine vina vumbi kavu. Hamadi angalia hilo ukiwa hapohapo kwenye boneti.

Hamadi: Naona vumbi tu. Hakuna mafuta popote.

Mjomba Seif: Sawa. Kuna stika chini ya boneti imeandikwa aina ya gesi na gramu. Nisomee.

Hamadi: R134a, gramu 500. Na kopo langu ni R134a. Si vinaendana?

Mjomba Seif: Aina inaendana. Ingekuwa imeandikwa R1234yf ningekwambia ulirudishe dukani hata kabla ya kumaliza sentensi, hizo hazichanganywi. Sasa niambie, humo ndani zimebaki gramu ngapi?

Hamadi: Sijui.

Mjomba Seif: Na geji ya kopo haijui. Inasoma presha ya upande mmoja tu, tena presha inapanda na kushuka na joto la siku. Fundi mwenye mashine ya gesi anainyonya yote, anaipima kwa mizani, anatoa hewa na unyevu, ndo anarudisha gramu zilezile za kwenye stika. Ukizidisha inapoa vibaya kuliko mwanzo, na kompresa inaumia. Halafu hiyo kitu ikitoka kwenye chupa inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia jichoni si mchezo.

Mama Zuhura: Hamadi acha!!

Hamadi: Nimeacha mama. Liko mezani.

Bibi: Na yale maji yanayodondoka chini ya gari ndo gesi hiyo inavuja?

Mjomba Seif: Hapana mama, hayo ni unyevu wa hewa, ni dalili nzuri. Yakiacha kudondoka na zulia la abiria likalowa, ujue kibomba cha kutolea maji kimeziba.

Bibi: Haya.

Mjomba Seif: Turudi. Gari likitembea AC inapoa, likisimama inakataa. Likitembea nani anaipuliza kondensa?

Zuhura: Upepo wa barabarani.

Mjomba Seif: Na likisimama?

Zuhura: Feni ya mbele 💡

Mjomba Seif: Huyo ndo mjukuu wa bibi yake. Gesi kidogo nayo inaweza kuleta dalili hii, sikatai, ila huanzi na kisichoonekana ukaacha kinachoonekana. Hamadi washa injini, weka AC baridi ya mwisho. Simama pembeni, shati lisining'inie karibu na mikanda. Kompresa imeshika?

Hamadi: Imelia TA! kisahani cha mbele kimeanza kuzunguka na puli. Lakini feni zote mbili kimya.

Mjomba Seif: Ya rejeta inasubiri injini ipate moto, isikusumbue. Ya AC ilitakiwa ianze. Na kompresa kushika hivyo ni habari njema, maana gesi ikipungua sana swichi ya presha inaikatalia isiwake.

Mjomba Seif: Zima, toa ufunguo. Usiingize mkono, tumia kijiti kuizungusha. Hizo feni kwenye magari mengine zinaanza zenyewe hata gari limezimwa.

Hamadi: Inazunguka laini, haijakwama.

Mjomba Seif: Fyuzi yake?

Hamadi: Nimeichomoa, nzima. Ila mbele ya kondensa kuna majani makavu na wadudu, utadhani godoro.

Mjomba Seif: Yatoe kwa maji ya mpira, presha ndogo. Yale mapezi ni laini kama karatasi, ukiyapiga na maji makali yanalala yote na hewa haipiti tena. Halafu tafuta rilei ya feni ya AC, ile swichi ndogo ya umeme, kwenye boksi la fyuzi, mchoro uko kwenye mfuniko. Soma namba iliyo mgongoni mwake, tafuta nyingine yenye namba ileile, mara nyingi ya honi. Zibadilishane.

Hamadi: Dakika moja

Hamadi: MJOMBAAA feni inazunguka 🔥🔥 na ndani baridi gari likiwa limesimama!!

Mama Zuhura: Alhamdulillah. Mwanangu fundi.

Mjomba Seif: Nunua rilei mpya kama hiyo, imekwisha.

Zuhura: Mama nimekaa kwenye usukani hapa napiga honi haitoi sauti

Hamadi: 🙈 honi ndo imepewa ile mbovu

Bibi: Kwa hiyo sasa anapoa lakini hawezi kumwambia mtu apishe.

Mjomba Seif: Mama umemaliza 😂 Asiendeshe mpaka rilei mpya iingie. Sasa ile feni ya ndani. Inafanya kazi namba 4 peke yake, maana yake mota ni nzima. Namba 4 inachukua umeme moja kwa moja, zile za chini zinapitia rezista, kile kinachopunguza umeme. Rezista imeungua. Fungua droo ya mbele ya abiria, ishushe, iko karibu na mota ya feni, imeshikwa na skrubu mbili. Soketi yake ipige picha kabla hujaichomoa.

Hamadi: [picha] Mjomba plastiki ya soketi imeyeyuka, imekuwa kahawia kwenye pini moja.

Mjomba Seif: Basi rezista mpya peke yake haitoshi, na soketi ibadilishwe. Ukichomeka mpya kwenye soketi iliyolegea inaungua tena. Sasa hapohapo nyuma ya droo kuna filta ya hewa ya ndani. Itoe polepole.

Hamadi: [picha]

Zuhura: HAPANA. Hicho ni nini??

Hamadi: Filta. Imekuwa ya kijivu, ina majani, manyoya ya ndege, na risiti ya maegesho.

Mjomba Seif: Huyo ndo mwizi wako dada. Rezista imewekwa pale makusudi ipozwe na upepo wa feni yenyewe. Filta ikiziba upepo haupiti, rezista inachemka mpaka inakatika. Kila mtu anabadilisha rezista, wachache wanaigusa filta, halafu wanalaumu kipuri.

Mama Zuhura: Kwani kuna filta humo? Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia.

Mjomba Seif: Kwenye magari mengi ipo. Itazame kila unapomwaga oili. Mshale wa kwenye fremu ufuate upande hewa inakokwenda.

Shangazi Rukia: Wifi hongera. Shemeji Seif na mimi nina la kwangu, kinyume chake. Hita. Gari likisimama hewa inakuwa baridi, nikikanyaga mafuta inapata joto.

Mjomba Seif: Shemeji, sindano ya joto kwenye dashibodi inafika katikati?

Shangazi Rukia: Inafika.

Mjomba Seif: Basi thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, si ya kushukiwa kwanza. Ingebaki wazi muda wote sindano ingekaa chini na hita isingepata joto la maana. Kwako nadhani kulanti, maji ya kupozea injini, imepungua au kuna hewa kwenye mfumo. Unasikia maji yakigugumia nyuma ya dashibodi ukiwasha?

Shangazi Rukia: Eeh! Nilidhani ni sauti ya kawaida.

Mjomba Seif: Hewa hiyo. Hita ni rejeta ndogo inayopata maji moto ya injini. Yakipungua, injini ikiwa taratibu pampu haiwezi kuyafikisha pale. Angalia kitangi kesho asubuhi INJINI IKIWA BARIDI KABISA. Likiwa moto usiguse mfuniko, mvuke wake unababua uso.

Shangazi Rukia: Nimeelewa. Nikijaza basi?

Mjomba Seif: Jaza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, halafu tuulize ilikwenda wapi. Kioo cha mbele kikiwa na ukungu wenye mafutamafuta na harufu tamutamu ndani, rejeta ya hita inavuja. Na iliyomwagika ifute mara moja, ni sumu na ina utamu, wanyama na watoto wanaionja.

Zuhura: Mjomba na mimi langu ni la mseto, petroli na umeme, nifungue nione kompresa?

Mjomba Seif: Filta badilisha. Ukiona nyaya za rangi ya machungwa rudisha mkono mfukoni. Kompresa ya hayo mengi inaendeshwa na umeme mkubwa wa betri.

Hamadi: Mjomba, na kopo langu nilifanyeje?

Mjomba Seif: Lina lakiri bado?

Hamadi: Bado.

Mjomba Seif: Lirudishe. Pesa hiyo inunue filta, rilei na soketi. Rezista mama yako atalipa.

Mama Zuhura: Nani kasema?