Wamenikatia madirisha sita Aprili hii, fremu wamekuja nazo tatu!

Jamani, niacheni nitoe hasira hapa kabla sijaenda kumtolea mtu.

Nyumba yetu iko Buruburu, zile za miaka ya 1970, na madirisha yalikuwa ya chuma, ya tangu kujengwa. Kutu imekula bawaba, pati ya kushikia vioo imekauka inadondoka vipande vipande, ukifunga bado upepo unaingia. Nikajinyima, nikaweka hela, nikatafuta kampuni ya alumini. Sitaji jina lao, mawakili wana njaa. Walikuja kupima mwisho wa Februari, jua kali, nikawatumia asilimia 70 kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. "Wiki mbili tu, mama, umesahau habari ya madirisha."

Wiki mbili zikawa sita. Na Nairobi hii mtoto wa chekechea anajua Machi ikiisha masika imeingia. Wakatokea Jumanne moja ya Aprili, saa nne asubuhi, wingu limeshuka nusura liguse paa. Nikamwambia msimamizi wao, fundi, leo si siku. Akatazama juu, akasema, "Hiyo ni ya Ngong, haifiki huku."

Sasa sikilizeni. Wakawasha grenda, wakakata madirisha yote sita kwa mpigo. Yote! Kufikia saa saba nyumba ina mashimo sita, na kwenye pikapu kuna fremu tatu. Zingine ati "ziko njiani". Saa tisa ile mvua ya Ngong ikafika Buruburu. Stima nayo ikapotea, kama kawaida yake. Mamangu ana miaka 78. Nikamkalisha koridoni na blanketi mbili, halafu mimi na kijana wangu tukashikilia turubai la kuazima kwa jirani, kila mtu na pembe yake, upepo unalivuta kama anayetudai. Godoro moja lilikunywa maji, mpaka leo halijakauka. Mafundi? Ndani ya pikapu, wanakula chipsi.

Mvua ilipopungua wakafunga zile tatu kwenye ukuta unaotiririka maji. Silikoni inataka mahali pakavu, hata kwenye mrija wake imeandikwa. Nikawaambia. "Itashika tu, mama." Asubuhi nikaigusa kwa ukucha, ukabanduka ukanda mzima kama utando wa maziwa ya moto. Nyuma yake kuna nafasi ya vidole viwili kati ya fremu na ukuta, wameishindilia magazeti wakapaka simiti juu. Magazeti! Nimesoma matokeo ya mpira kwenye ukuta wangu mwenyewe.

Lakini kilichonimaliza ni dirisha la chumba cha mama. Haya ya kuteleza, reli ya chini huwa na vitundu upande wa nje, maji yakiingia humo yapate pa kutokea. Langu halina hata kimoja. Nilimimina kikombe cha maji kwenye reli nikasubiri. Yakatuama pale kama kwenye karai. Kwa hiyo ikinyesha, reli inajaa, inafurikia ndani, na kitanda cha mama kiko papo hapo chini. Yaani lile la kutu lilikuwa na nafuu.

Nikapiga simu ofisini kwao. Dada aliyepokea akaniambia, tena kwa upole, "Mama, mvua ni kazi ya Mungu." Sawa. Mungu ndiye alipima fremu? Na sasa wanataka niwamalizie asilimia 30 iliyobaki ndipo warudi "kurekebisha".

Silipi. Mashimo matatu bado yamezibwa na nailoni, inapigapiga usiku kucha na mama halali. Mwenye fundi anayeweza kutoboa hivyo vitundu bila kung'oa fremu, na atakayekubali kulipwa baada ya mimi kumimina kikombe changu na kuona maji yametoka nje, aniandikie inboksi. Aje asubuhi mapema. Na asinitajie Ngong.