Naombeni ushauri: msimamizi amezikataa namba zangu, nawasilisha Jumatatu

Kaskazi_Bgm: Wakuu, shikamooni. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni modeli ya mawimbi ya redio ya bendi pana ndani ya nyumba ya matumbawe, Mji Mkongwe Bagamoyo. Nimetumia modeli ya watafiti Saleh na Valenzuela: mwangwi (wimbi linalogonga kuta na kurudi) unafika kwa makundi, na kila kundi linafifia kuliko lililotangulia. Msimamizi anasema namba zina walakini. Nijiteteeje?

BiChuda: Mwanangu, nyumba ya marehemu babu hapa Ngamiani, Tanga, ukuta wake mnene mpaka paka analala dirishani. Ruta sebuleni, chumbani hakishiki kitu. Nunua ruta ya pili.

FundiAntena: Dogo, weka namba tuzione.

Kaskazi_Bgm: Pigo la nanosekunde 10, gigahezi 1.5. Mwangwi unaendelea hadi nanosekunde 200, mtawanyiko wa ucheleweshaji wake hadi 50.

FundiAntena: Hizo ni za jengo la ofisi Marekani, zilichapishwa 1987! Ulipima na kifaa gani?

Kaskazi_Bgm: …Sijapima. Kifaa cha chuo kilikufa. Lakini modeli hiyo inatumika dunia nzima, na nakala tatu nimeshajalidi.

Ustadhi_Pongwe: Kuandika "nilipima" na hukupima ni ushahidi wa uongo. Kesho mtu atafunga mitambo akitegemea namba zako.

Mla_Muhogo: Wakuu, hii chai. Mwezi jana huyuhuyu aliuliza bei ya piston ya bodaboda, leo mhandisi?

Kaskazi_Bgm: Hiyo ya kaka yangu, tunatumia akaunti moja. Wallahi situngi.

Mla_Muhogo: Kaka, sawa. Na hiyo nyumba iko mtaa gani?

FundiAntena: Chai au si chai, hili lina maana. Matumbawe yana vitundu, yakinyonya unyevu wa bahari yanameza wimbi zaidi. Kuta za jipsamu za ofisini hazikuambii hilo. Umbo la modeli azima, hakuna dhambi. Vigezo lazima viwe vya nyumba yako. Mimi niko Chumbageni, Tanga, kifaa ninacho. Unafagia masafa ya gigahezi 1 hadi 2, unageuza kwa Fourier (hesabu ya kutoa masafa kwenda muda), unatenganisha mwangwi uliopishana nanosekunde 1, yaani safari ya sentimita 30. Pigo la nanosekunde 10 ni mita 3; mwangwi wa chumba kidogo wote unagandana. Njoo ukichukue.

Kaskazi_Bgm: Kesho alfajiri napanda basi, kaka. Ila hizo nakala tatu nizifanyeje?